Mlango wa Banda la Mama Nakundwa

Daktari wa macho aliniambia jambo ambalo nilikuwa nikilijua. Alizima kurunzi yake ndogo, akavuta kiti karibu, akasema, "Mzee Elisante, ukiendelea na ule moto, muda si mrefu utakuwa unashikwa mkono kwenda chooni." Nikamshukuru, nikarudi karakana, nikatundika ngao yangu ya kuchomelea kwenye msumari. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Keki haikuwepo, na hotuba haikuwepo.

Ninyi vijana mnaobaki na mashine zangu mliniomba nikae nanyi siku moja niwasimulie. Kusimulia kwangu si kuzuri, nakatisha maneno kisha nasahau nilipoishia. Kwa hiyo nimeandika. Binti yangu ameyasoma makaratasi haya na kusahihisha, ila pale nilipokataa kusahihishwa. Sitaandika nilipata nini wala nilijenga nyumba lini. Mtu akiwa na haja ya kujua hayo, nyumba iko hapo Same, aje aione, aikosoe. Nitaandika habari za milango, na hasa milango ya mabanda ya magari, maana kwa miaka mingi hiyo ndiyo kazi watu waliyonifuatia. Mtu akiibiwa tairi la akiba au jeki nyumbani kwake, aliambiwa, "Nenda kwa Elisante."

Nilishuka kutoka mlimani nikiwa kijana, na fundi aliyenipokea alikuwa Rajabu, mtu wa Korogwe aliyekuja Same kutengeneza lori lililoharibika, akaoa, akabaki. Karakana yake ilikuwa mabati manne na upepo. Ninyi mnaujua upepo wa Same, unaokuletea vumbi mdomoni ukiwa umeufunga. Siku ya kwanza aliniambia kitu kimoja tu: "Usiutazame ule mwanga." Nami nikautazama. Nani asingeutazama? Ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona mlimani. Nilipolala nilihisi kama mtu amenijazia mchanga machoni. Asubuhi Rajabu alinikuta nimefunga kitambaa usoni, akanikatia vipande vya kiazi kibichi na kunibandika machoni, wala hakunikaripia. Alisema, "Sasa tunaweza kuanza kazi. Umeshalipa ada."

Rajabu alinifundisha kulitazama banda la gari kwa jicho la mwizi. Mwenye nyumba humpeleka fundi moja kwa moja mlangoni, kwa sababu yeye huingilia mlangoni. Mwizi hana desturi hiyo. "Zunguka kwanza," Rajabu alikuwa akisema. "Mlango utazame mwisho." Tulizunguka. Tuligusa mabati ya paa, maana misumari ya bati ikishalegea mtu huingia juu kama panya. Tulitazama dirisha dogo la nyuma ambalo kila mtu amelisahau, na ngazi iliyoachwa uani, na mtaimbo ulioegemezwa ukutani kama vile mwenyewe kamwekea mgeni. Nimeona watu wengi walioibiwa kwa vifaa vyao wenyewe.

Palikuwa na bwana mmoja wa Mwanga, mtu wa biashara ya mbao. Alinunua kufuli kubwa kama kobe, akanipigia simu kujisifu. Bawaba za mlango wake zilikuwa nje, na pini zake zilitoka kwa kugongwa na jiwe. Nilipofika baada ya wezi kupita, kufuli lilikuwa bado limefungwa vizuri kabisa, limeshikilia mlango uliolala chini. Yule bwana alisimama hapo akiwa na ufunguo mkononi. Tulimtengenezea mlango mwingine wenye bawaba za ndani. Kufuli lile aliendelea kulitumia, kwa heshima.

Kwa hiyo shikeni haya. Kufuli likiwa imara, masikio yake yawe imara pia, yachomelewe, yasigongewe kwa misumari. Lifunikeni kwa kasha la chuma ili mkasi usipate pa kuuma. Bolti ipite ukuta mzima, nati iwe ndani, na mkishaikaza pigeni ncha yake nyundo mpaka isifunguke tena. Wekeni komeo refu linaloshuka sakafuni, maana mlango wa mabawa mawili hupindika katikati mtu akiupandia kwa mtaimbo. Na mwambieni mwenye banda ukweli ambao Rajabu aliniambia: mlango haumzuii mwizi, unamchelewesha tu. Akichelewa, mbwa hubweka, jirani huamka, naye huondoka. Kama hakuna mbwa wala jirani, basi umemchelewesha bure.

Rajabu alipofuka. Si kwa siku moja. Alififia kama taa inayoishiwa mafuta. Miaka yake ya mwisho alikuwa akija karakana kwa kuongozwa na mkewe, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tunampelekea kazi zetu anazipapasa kwa vidole. "Hapa ulikuwa na haraka," alikuwa akisema, na kweli hapo ndipo nilipokuwa na haraka. Alikufa wakati wa kiangazi. Tulimzika na upepo ule ule ukipuliza mchanga kaburini kabla hatujashika majembe. Nilirudi karakana, nikaitazama ndoo, sikuweza kuigeuza. Ilikaa hapo kichwa chini mpaka ikaliwa na kutu.

Baada yake nilifanya kazi nyingi ambazo hazina habari. Mtu akiniuliza mlango upi ninaukumbuka, ninakumbuka mmoja, nao ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mama Nakundwa alikuwa mkunga hospitalini Same miaka mingi. Wanangu wawili wa mwisho aliwapokea yeye. Alipostaafu alirudi kwao mlimani, kijiji kimoja juu ya Bombo, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Mume alikuwa dereva, na alichomwachia ni Land Rover kuukuu ya rangi ya majani, pamoja na ujuzi wa kuiendesha. Kule juu hapakuwa na gari jingine. Mvua zikinyesha, gari la hospitali lilikwama chini, lakini Mama Nakundwa alikuwa anajua kila jiwe la barabara ile. Mjamzito akishikwa vibaya, mgonjwa akizidiwa, watu walikimbilia kwake. Mwanamke mfupi, miwani puani, kanga kiunoni, anavuta kiti mbele ili miguu ifike, anashusha gari mpaka hospitali ya bondeni. Waliokuwa hawamjui walicheka. Waliomjua walipanda.

Alinipigia simu mwishoni mwa masika. Sauti yake nilikuwa naijua kuwa ni ya amri. Siku hiyo ilikuwa ndogo.

"Fundi Elisante, nataka mlango wa banda la gari."

"Shikamoo, Mama. Umeibiwa?"

"Marahaba. Nimeibiwa betri. Njoo."

Nilisema kimoyomoyo kwamba betri ni jambo dogo. Nikashika tepu, nikapanda gari la kwenda Ndungu, kisha pikipiki mpaka juu. Nilipofika nilikuta nyumba imejaa wanawake waliokaa kimya, kama watu wanavyokaa baada ya msiba. Mama Nakundwa alinipeleka nyuma ya nyumba, tukasimama mbele ya banda, akanieleza.

Palikuwa na mke wa kijana mmoja jirani, Namsifu, mimba yake ya kwanza. Alikuwa bado na mwezi mzima. Uchungu ukamjia asubuhi, bila taarifa, mvua ikinyesha. Mama Nakundwa aliitwa, akafika, mtoto akatoka vizuri, msichana. Lakini kondo la nyuma halikutoka, na damu ikaanza. Mkunga anajua damu ya kawaida na damu isiyo ya kawaida. Aliwaambia wamfunge mzazi nguo vizuri, yeye anakwenda kuleta gari.

"Nikafungua banda," alisema. "Nikaingia, nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena. Nikashuka, nikafungua boneti. Pale pa betri palikuwa patupu, fundi. Nyaya mbili zimelala tu."

Walijaribu kulisukuma. Banda liko bondeni kidogo na njia yake inapanda kwanza; wanaume wachache waliokuwepo walisukuma kwenye tope mpaka wakaanguka. Pikipiki ilikwenda kutafuta msaada chini. Wengine wakamweka Namsifu kwenye machela wakaanza kushuka naye kwa miguu, mumewe akiwa ameshika upande wa kichwa. Mama Nakundwa alitembea pembeni akimkanda tumbo na kumsemesha. Walipofika kwenye kijito, Namsifu aliomba maji. Alipewa. Hawakufika mbali baada ya hapo.

Alinieleza hayo akiwa ameshika kitasa cha banda, kisha akakiachia. "Sinunui betri nyingine mpaka hili banda liwe na mlango wa kweli," alisema. "Sitaki kuuzungusha ufunguo ule na kusikia kile kimya tena."

Nikafanya nilivyofundishwa. Nikazunguka. Kuta za pembeni zilikuwa za mawe, nzuri. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao nene, na kufuli lake halikuguswa, jambo lililokuwa limekitesa kijiji, maana kila aliyewahi kuushika ufunguo ule sasa alikuwa mwizi. Kijana aliyekuwa akiliosha gari alishaacha kwenda kanisani kwa jinsi alivyotazamwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao. Marehemu mumewe alitaka kuja kulirefusha banda, akafa kabla. Mbao zilionekana zimepigiliwa vizuri. Nikamwambia Mama Nakundwa kwamba hata hivyo zote zitoke, tujenge mawe, na mlango nitautengenezea Same na kuuleta vipande vipande, kwa kuwa umeme ulikuwa haujafika kule na mashine yangu haili kuni.

Nilirudi na mlango baada ya muda, juu ya gari la mizigo, mabawa mawili ya bati nene, fremu ya chuma cha pembe, bawaba za ndani na kasha la kufuli. Nilipofika nilimkuta kijana mwembamba ameshachimba shimo la kuchanganyia saruji na kurundika mawe kando ya banda.

"Shikamoo, fundi," alisema bila kuniangalia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani?"

"Naitwa Elineema. Namsifu alikuwa mke wangu."

Nilimpa pole. Nikamwambia si lazima yeye afanye kazi ile, wapo wengine. Akasema, "Niache nifanye, fundi." Nikamwacha. Nimeona watu wakiomboleza kwa kulala, na wengine kwa kuchimba.

Tulifanya kazi vizuri. Alikuwa na nguvu. Mlango wa mbele tuliusimamisha, nikauachia saruji ishike. Kisha tukaenda nyuma. "Hizi mbao zote zinatoka," nilimwambia, nikainama kutafuta nyundo ya kung'olea misumari. Nilipoinuka, Elineema alikuwa ameshauendea ubao mmoja wa chini, karibu na kona. Aliusukuma juu kwa kiganja, akauvuta kwake, ukatoka mzima mikononi mwake. Hakutumia nyundo. Alifanya kama mtu anavyofungua mlango wa kwao, mawazo yake yakiwa mbali.

Niliitazama misumari. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma nyuma ya ubao, vichwa vimebaki vinang'aa nje kana kwamba vimeshikilia kitu. Yeye naye akavitazama. Mikono yake ikabaki imeshika ubao ule kifuani, na uso wake ukabadilika rangi, ukawa wa majivu.

"Elineema," nikasema.

"Naam, fundi."

"Ubao huo umejuaje?"

Akakaa chini, palepale kwenye vipande vya mawe, ubao bado ukiwa mikononi.

"Alikuwa bado na mwezi mzima," alisema. "Nilijua nitairudisha kabla. Tangawizi yote ilioza shambani, fundi, yote, ukivuta shina unapata maji. Na yeye alikuwa anakwenda kujifungulia hospitali kubwa, na wenzake watakuwa na mabeseni na kanga mpya, yeye aende mikono mitupu kama mtu asiye na mume? Nikachukua betri. Nikauza Ndungu. Nikanunua beseni, nikanunua kanga na vinguo vya mtoto. Iliyobaki nikanywa pombe ya dengelua na wenzangu. Siku moja tu."

Mimi ni fundi wa milango. Nilimwuliza swali la kijinga, vitu hivyo viko wapi.

"Beseni liko uvunguni," alisema. "Kanga ndiyo tuliyomfunikia kwenye machela."

Mama Nakundwa alitukuta hivyo. Alikuwa amebeba sinia la chai na magimbi, akisema jambo kuhusu sukari kabla hajakunja kona. Akatuona. Akauona ubao. Elineema akasimama, akamwambia mwenyewe, maneno yale yale aliyoniambia mimi, ila sasa yalikuwa yanatoka kwa shida kama yanayong'olewa. Mama Nakundwa hakuliangusha sinia. Aliliweka chini taratibu, akalifunika kwa kitambaa nzi wasiingie. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Akaifuta tena.

"Namsifu alijua?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Aliniuliza beseni nimepata wapi. Nikamwambia tangawizi imelipa."

"Akafurahi?"

"Alifurahi sana."

Hapo ndipo Mama Nakundwa alipogeuka kutazama migomba. Aliporudi kututazama, sauti yake ilikuwa ile ya wodini.

"Betri iko wapi?"

"Kwa mtu mmoja Ndungu. Anawashia taa na redio."

"Kailete."

"Ndiyo, Mama."

"Na kabla hujashuka, pita kwa mama yake Namsifu umweleze. Mimi nimeshampelekea habari mbaya moja kwenye nyumba ile. Ya pili ni yako."

Alikwenda. Niliendelea kupanga mawe peke yangu, kwa sababu mchanganyiko haumsubiri mtu. Nilikuwa nikisikiliza upande wa ile nyumba, nikingoja kilio au vurugu. Sikusikia kitu. Baadaye niliambiwa kilichotokea. Mama yake Namsifu alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amempakata mjukuu. Kisha akamwambia, "Lete hilo beseni." Elineema akaenda akalileta pamoja na vile vinguo. Yule mama akavipokea, kwa kuwa mtoto lazima aoge na avae, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumapili ile Mama Nakundwa alisimama kanisani kabla ya matangazo, akasema kwamba aliyechukua betri amejulikana na amekiri, na kwamba kijana anayeosha gari lake hana hatia, wote waliomtazama vibaya wamwombe radhi. Jina la mwizi hakulitaja. Halikuhitaji kutajwa; Elineema alikuwa ameshashuka, na nyumba yake ilikuwa wazi, kuku wanaingia na kutoka.

Yule mtu wa Ndungu hakukubali kurudisha betri bure, na sioni kosa lake, alinunua bila kujua. Elineema akabaki kule, akamfanyia kazi kwenye majaruba ya mpunga mpaka wakaelewana. Mlimani kiangazi kilikuwa kimeingia na barabara imekauka, gari la hospitali likawa linapanda. Land Rover ilikaa gizani nyuma ya mlango wangu mpya, ikilindwa vizuri kuliko gari lolote katika wilaya nzima, na haikuweza kwenda popote.

Kisha Mama Nakundwa akanipigia tena. "Anakuja Jumamosi na betri. Nawe njoo. Ulikuwepo aliposema, uwepo na anapolipa." Nilimwambia nitakuja kutazama bawaba, maana mlango mpya hukaa vibaya msimu wa kwanza. Akasema, "Njoo kutazama chochote unachotaka."

Elineema alifika wakati jua limeshapanda, kwa miguu, betri begani juu ya gunia lililokunjwa. Angeweza kupanda pikipiki. Alikuwa amekonda zaidi, na miguu yake ilikuwa na michirizi ya majani ya mpunga. Aliishusha mbele ya banda, akasema, "Imechajiwa, Mama." Mama Nakundwa alitoa ufunguo shingoni, akafungua kasha, akafungua kufuli, akavuta komeo. Mabawa yakafunguka bila sauti. Niliwaza kwamba Rajabu angeridhika, kisha nikaona aibu kuwaza hivyo.

Niliishika spana mimi. Elineema aliiweka betri mahali pake, nikakaza nyaya mbili zile. Mama Nakundwa akapanda, akavuta kiti mbele, akaweka mkono kwenye ufunguo. Alikaa hivyo kitambo. Nikadhani ataghairi. Kisha akauzungusha.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Halikusita wala kukohoa. Lilinguruma mpaka mabati yakatetemeka, na mngurumo ukatoka nje ya banda, ukaenda shambani, ukavuka bonde na kurudi. Watu walitoka majumbani. Walijua ni sauti ya nini. Walikuwa hawajaisikia tangu kabla ya msiba. Walikuja mpaka kwenye ua wakasimama, na hakuna aliyepiga makofi wala kigelegele.

Mama yake Namsifu alikuja nyuma ya wote, mtoto amelala mgongoni. Watu wakampisha. Alisimama karibu na mlango, akalitazama lile gari linavyotetemeka, moshi ukitoka nyuma.

"Kumbe linawaka," alisema.

Mama Nakundwa akalizima, akalaza paji la uso kwenye usukani. Na mtoto, aliyekuwa amelala usingizi mzito katika mngurumo wote ule, akashtuliwa na ukimya, akaanza kulia.

Elineema alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu aondoke. Alipiga hatua moja mbele, mikono imetoka kidogo. Bibi wa mtoto alimtazama. Hakumtukana. "Si leo," alimwambia, akageuka, akashuka naye kupitia kwenye migomba, kilio kikienda kikipungua mpaka hatukukisikia tena. Mimi nilizipaka bawaba mafuta. Zilikuwa hazihitaji.

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho mlimani. Muda mfupi baadaye ndipo daktari alipozima kurunzi yake. Elineema bado yuko Ndungu, kwenye mpunga. Mara chache hupanda kumwona mtoto, na bibi humruhusu kukaa barazani, ndani hajakaribishwa. Mtoto anatembea sasa, na wanasema ana mwendo wa mama yake.

Mama Nakundwa hunipigia simu kila mvua zinapokuwa kubwa na amemshusha mjamzito. Hazungumzi sana, simu yenyewe inakatikakatika. "Fundi, tumefika," husema. "Mama na mtoto wazima." Nami humwambia tumshukuru Mungu. Halafu hatukati upesi. Tunanyamaza kidogo, mimi Same na yeye kule hospitali ya bondeni, kwa ajili ya Namsifu, ndipo mmoja wetu anaaga.